Kibatari kando ya karabai: namna ya kuisaka tezi mlinzi kwa mgonjwa wa saratani ya kinywa

Ukiweka kibatari kando ya karabai, kibatari hakizimiki, ila hukioni. Kazi hii yote ina tatizo hilo moja: karabai ni mahali ilipochomwa dawa ya mionzi, kibatari ni tezi ndogo ya limfu tunayoisaka. Kwenye titi, au kwenye ngozi ya mguu, mahali inapochomwa dawa na mahali ilipo tezi pana nafasi ya kutosha. Kinywani nafasi yenyewe ni vidole viwili, na saratani ikiwa chini ya ulimi, pengine hata kidole kimoja hakijai. Karibu kila kitu utakachosoma hapa kimebuniwa na watu waliokuwa wanapigana na hivyo vidole viwili.

Ninawaandikia wenzangu wa tiba ya nyuklia na madaktari wanaojifunza upasuaji wa kinywa na shingo. Mgonjwa au ndugu yake naye akisoma, angalau atajua kwa nini mtu anachomwa sindano nne ulimini siku moja kabla ya operesheni. Mara nyingi hakuna anayemweleza.

Kwanza, tunatafuta nini. Seli za saratani zikichopoka kwenye uvimbe hupita kwenye vijia vya limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye nyama za mwili, mpaka kwenye tezi ya kwanza iliyo njiani. Hiyo ndiyo tezi mlinzi, na mara nyingi huwa mbili au tatu. Mlinzi akiwa hajaguswa, walio nyuma yake kwa kawaida nao wako salama. Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake Marekani waliitumia hoja hii kwa saratani ya ngozi wakifuata rangi ya bluu. Mwaka uliofuata David Krag alichapisha matokeo ya kuifuata kwa mionzi kwenye titi. Kinywa kiliingia mwishoni mwa miaka ya 1990.

Na kwa nini tujisumbue? Kwa sababu mgonjwa mwenye kidonda kidogo cha saratani ulimini, na shingo ambayo ukiipapasa huoni kitu, bado ana uwezekano wa asilimia 20 hadi 30 kuwa na seli zilizojificha shingoni. Ukizing'oa tezi zote za upande huo, wagonjwa saba au wanane katika kila kumi umewakata bure, na wengine watabaki na bega zito lisiloinuka. Ukisema ungoje, hilo nalo lina majibu: utafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, ulioongozwa na Anil D'Cruz na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu waliosafishwa shingo mapema walikuwa hai asilimia 80, na waliosubiriwa asilimia 67.5. Tezi mlinzi ni njia ya katikati. Utafiti wa Ulaya uitwao SENT, wenye wagonjwa 415 katika vituo 14, ulipata kwamba tezi ikisomwa kuwa safi, shingo huwa safi kweli kwa asilimia 95. Baadaye Ufaransa mwaka 2020 na Japani mwaka 2021 waliwagawa wagonjwa kwa kura, wengine njia hii na wengine kusafishwa shingo, na hawa wa tezi mlinzi hawakuachwa nyuma.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni wa njia hii

Uvimbe uwe wa daraja T1 au T2, yaani usiozidi sentimita 4 wala kuzama zaidi ya milimita 10. Shingo iwe safi kwa kupapasa na kwa picha. Usitegemee vidole peke yake. Pima kwa ultrasaundi, na ukiona tezi yenye umbo la kutia shaka, ivute kwa sindano kwanza. Ikitoka saratani, habari ya tezi mlinzi imekwisha, mgonjwa aende kusafishwa shingo. Sababu yake ni ya kimitambo: tezi iliyojaa saratani huziba, limfu hutafuta njia nyingine, na dawa yako itakuonyesha tezi isiyo mlinzi wa kweli. Aliyewahi kupasuliwa au kupigwa mionzi shingoni naye njia zake za limfu zimeshavurugika.

Niseme wazi jambo linalotuhusu. Katika mwambao wetu, ambako tambuu, ugoro na kuberi bado vina wenyewe, wagonjwa wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa na shingo imeshaota mitoki. Hao si wa mwongozo huu. Wa mwongozo huu ni yule ambaye daktari wa meno aliona doa jeupe au kidonda kisichopona akamwahisha. Ni wachache, na ndiyo maana mkono wako hautazoea haraka. Andika kila kisa kwenye daftari.

Hatua ya 2: Chagua dawa na upige hesabu ya saa

Dawa ya msingi ni teknetiamu-99m iliyoshikishwa kwenye chembe ndogo. Ulaya hutumia zaidi nanokoloidi ya albumini (chembe ndogo mno za protini), ambayo chembe zake nyingi ziko chini ya nanomita 80. Marekani wamezoea koloidi ya salfa iliyochujwa. Chembe zikiwa kubwa mno hugoma kutoka mahali ulipochoma. Zikiwa ndogo mno huipita tezi ya kwanza zikaenda kuwasha ya pili na ya tatu.

Ya tatu ni tilmanosepti, iliyoruhusiwa Marekani kwa saratani ya kinywa mwaka 2014. Hii si chembe ya kunaswa kwa ukubwa wake. Ni molekuli ndogo inayojibana kwenye vipokezi vya seli zinazokaa ndani ya tezi. Faida yake kwa kinywa ni kwamba huondoka upesi mahali pa sindano, kwa hiyo karabai inafifia wakati kibatari kinabaki. Kama bei si kikwazo, mimi ningeichagua kwa kila uvimbe wa chini ya ulimi. Bei ni kikwazo.

Sasa saa. Nusu-uhai ya teknetiamu-99m, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni saa 6: ukichoma leo saa nne asubuhi, kesho saa nne asubuhi imebaki moja ya kumi na sita. Kwa hiyo operesheni ikiwa siku hiyohiyo, MBq (megabekereli, kipimo cha mionzi) 40 hadi 50 zinatosha. Ikiwa kesho yake, panda hadi kati ya 74 na 120. Zungumza na daktari wa upasuaji kabla ya kuvuta dawa, si baada. Zungumza pia na anayepokea jenereta, yaani chombo tunachokamulia teknetiamu. Molibdeni-99 iliyomo ndani yake ina nusu-uhai ya saa 66, ndiyo maana jenereta ni mali ya wiki moja, na kwetu huja kwa ndege. Pelindaba kule Afrika Kusini ni miongoni mwa sehemu chache duniani zinazozalisha molibdeni hiyo. Usimwandike mgonjwa Jumatatu asubuhi kwa jenereta ambayo bado iko angani.

Hatua ya 3: Kuchoma

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia, kabla kamera haijawashwa.

Puliza ganzi juu ya ulimi au tumia ya kupaka, kisha subiri ikolee. Usiichome ganzi kwa sindano kuuzunguka uvimbe, kwani maji hayo huisukuma limfu na kubadilisha njia yake. Tumia bomba la mililita 1 lenye sindano nyembamba. Vuta dawa kidogo kwa ujazo, mililita 0.1 hadi 0.2 kwa kila tundu, kwa sababu ujazo mkubwa hutawanya karabai. Choma pande nne za uvimbe kwenye nyama inayoonekana nzima, chini kidogo tu ya ngozi laini ya kinywa, milimita chache kutoka ukingoni. Usichome ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe ukiwa umeshakatwa wakati wa biopsi, zunguka kovu.

Msaidizi aushike ulimi kwa kitambaa cha gozi. Vuta hewa kidogo ndani ya bomba nyuma ya dawa ili tone la mwisho liingie na lisidondoke wakati unachomoa. Kisha mgonjwa asuuze mdomo na ateme, tena na tena, kwenye chombo kilichoandaliwa. Asimeze.

Kuhusu kumeza nina kisa. Miaka ya nyuma, katika kituo nilichokuwa najifunza, tuliona nukta nzuri iliyong'aa chini ya shingo karibu na katikati, tukaishangilia kama tezi ya ngazi ya IV (shingo hugawanywa kwa ngazi zenye namba, na hii iko chini). Mwalimu wetu hakusema kitu. Alimpa mgonjwa glasi ya maji, tukapiga picha tena, na tezi yetu ikawa imeteremkia tumboni. Yalikuwa mate. Tangu siku hiyo glasi ya maji iko mezani kwangu kabla ya mgonjwa kuingia.

Hatua ya 4: Picha za mfululizo, kisha picha tuli

Mlaze mgonjwa chali, shingo imekunjuliwa nyuma kidogo, karibu na vile atakavyolala kwenye meza ya upasuaji. Kamera ya gama iwe na kolimeta (kichujio cha miale) ya nishati ndogo yenye uchambuzi wa juu, dirisha likiwa kwenye keV 140, nishati ya miale ya teknetiamu.

Anza kupiga mara tu sindano ya mwisho inapotoka, mfululizo wa dakika 20 hadi 30. Wapo wanaouruka mfululizo huu kuokoa muda wa kamera. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu ndio pekee unaokuonyesha kijia cha limfu kikitoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye tezi. Baadaye utakuta nukta tano zinang'aa na hujui ipi ilikuwa ya kwanza. Tezi inayowaka zaidi si lazima iwe mlinzi; inaweza kuwa ya pili iliyokusanya mabaki ya wote. Mlinzi ni ile inayopokea limfu moja kwa moja kutoka kwenye uvimbe, hata kama mwanga wake ni hafifu.

Kisha piga picha tuli za mbele na za pembeni, pande zote mbili. Narudia, zote mbili. Uvimbe ulio ukingo wa kushoto wa ulimi unaweza kumwaga limfu kulia, na uvimbe wa mstari wa kati humwaga popote unapotaka. Hii ni moja ya sababu ninazoipendea njia hii: kusafisha shingo upande mmoja kwa mazoea kusingeiona kabisa tezi ya upande wa pili.

Kwa picha ya mbele, karabai itafunika ngazi ya I, yaani chini ya kidevu na chini ya taya. Zungusha kamera kwa mshazari. Unaweza pia kuweka kipande cha madini ya risasi juu ya mahali pa sindano, lakini piga picha moja na risasi na nyingine bila, maana kipande hicho hufunika na vibatari. Usipoona kitu, mgonjwa apumzike, asuuze tena, mrudie baada ya saa moja au mbili.

Hatua ya 5: SPECT/CT

Kama kituo chako kina mashine hii, inayounganisha kamera ya gama inayozunguka na picha ya CT ya eksirei, usiiache. Picha tuli inakwambia kuna nukta upande wa kushoto. SPECT/CT inakwambia nukta hiyo iko ngazi ya IIA, mbele ya mshipa mkubwa wa damu, kina cha sentimita mbili na nusu. Daktari wa upasuaji anahitaji hilo la pili. Pia huibua tezi ambazo picha tuli ilizimeza, na hufichua uongo: dawa iliyodondokea ngozini, mate, au jino lililotapakazwa dawa.

Zungusha kamera duara zima, hatua ya nyuzi 3, sekunde 20 hadi 25 kila hatua, picha iwe ya vitone 128 kwa 128. CT iwe ya dozi ndogo. Mwambie mgonjwa asimeze mate wala kugeuza kichwa kati ya SPECT na CT. Akisogea milimita tano, tezi ya ngazi ya IB inahamia kwenye mfupa wa taya.

Wakati wa kusoma, usiiamini picha jinsi kompyuta inavyoileta. Kompyuta hupima rangi zake kwa kitu kinachong'aa kuliko vyote, nacho ni mahali pa sindano, hivyo kila kingine kinaonekana cheusi. Shusha kilele cha rangi mpaka karabai ijae kabisa na kuwa doa nene lisilo na sura, halafu uangalie kingo zake. Je, doa lina kitu kama chuchu upande wa chini ya taya? Fungua CT mahali hapo. Kama kuna tezi palepale, iandike kama mlinzi anayeshukiwa. Tezi za namna hii ndizo zilizoshusha matokeo ya saratani za chini ya ulimi katika tafiti nyingi.

Waholanzi, hasa Utrecht, wamejaribu kuitoboa shida hii kwa PET, aina nyingine ya kamera ya mionzi, wakitumia tilmanosepti iliyobeba galiamu-68. PET huona vitu vidogo zaidi na kuvitenganisha na karabai. Ila galiamu-68 ina nusu-uhai ya dakika 68 na haiwezi kumsubiri daktari wa upasuaji, kwa hiyo mgonjwa bado anahitaji teknetiamu yake. Kwa sasa ni jambo la watafiti.

Hatua ya 6: Ramani

Weka alama kwenye ngozi kwa wino usiofutika, ukiongozwa na probu, yaani kifaa cha mkononi kinacholia kikikaribia mionzi, au kalamu ya kobalti-57. Kisha uandike karatasi moja: tezi ngapi, upande gani, ngazi gani, kina gani, ipi iliingia kwanza. Usimpelekee mwenzio maandishi tu. Mpigie simu au mkae pamoja mbele ya skrini. Alama ya ngozini ni ya kusaidia, si ya kuaminiwa, kwani shingo ikigeuzwa mezani ngozi huhama na tezi hubaki.

Hatua ya 7: Mezani

Kwa uvimbe ulio karibu na tezi, ondoa uvimbe kwanza. Ukiuondoa, umeondoa na sehemu kubwa ya karabai, na ngazi ya I inaanza kusikika. Probu ya gama isikilizwe kwa utulivu, ikielekezwa mbali na kinywa: kutoka kinywani kwenda nje, siyo kutoka nje kwenda kinywani. Mlio ukipanda unaposogea kuelekea kinywani, hujapata tezi, umesikia kinywa. Kwa uvimbe wa chini ya ulimi, wapo wanaoamua kutoa mafuta na tezi zote za chini ya kidevu na chini ya taya, kisha kuzichambua nje ya mwili. Sioni aibu katika hilo.

Kila tezi inayotoka ipimwe nje ya mwili, mbali na mgonjwa, uandike hesabu yake. Halafu rudisha probu kwenye shimo. Kinachobaki kikishuka chini ya asilimia 10 ya tezi iliyolia zaidi, unaweza kusimama. Wengi huishia tezi tatu au nne.

Mwanga wa ICG, yaani indosianini ya kijani, ni msaidizi mzuri hapa. Huchomwa kuuzunguka uvimbe mgonjwa akiwa tayari amelala, na baada ya dakika chache kamera ya infraredi huonyesha vijia na tezi ziking'aa. Uzuri wake kinywani ni huu: mwanga huo haupenyi nyama zaidi ya sentimita moja hivi, kwa hiyo ukiangalia kutoka shingoni, karabai ya kinywani haikuchomi macho. Ubaya wake ni uleule: tezi iliyo ndani ya sentimita mbili nayo huioni mpaka uifunue. Tena molekuli zake ni ndogo, hukimbilia tezi za nyuma. Kwa hiyo usiitumie peke yake. Uholanzi waliunganisha ICG na nanokoloidi yenye teknetiamu kwenye sindano moja: probu inakupeleka mtaani, kamera inakuonyesha mlango. ICG ina iodini; muulize mgonjwa kuhusu mzio kabla.

Bluu siipendi mdomoni. Huchafua ukingo ambao daktari anatakiwa auone ili akate salama, huweza kuacha doa ulimini, na mara chache huleta mzio mkali. Ila pale ambapo hakuna kitu kingine, bluu si haba.

Chuma cha sumaku, yaani chembe za oksidi ya chuma zinazosakwa kwa kipimo cha sumaku, kina mvuto kwa hospitali zisizo na tiba ya nyuklia, kwani hakihitaji jenereta wala leseni ya mionzi. Lakini vyombo vya chuma lazima viwekwe kando unapopima, jambo gumu kwenye shingo, na mahali pa sindano panaweza kuharibu picha za MRI kwa muda mrefu baadaye. Kwa ulimi ambao utahitaji MRI ya ufuatiliaji, fikiri mara mbili.

Hatua ya 8: Mkabidhi mwanapatholojia, si chupa tu

Tezi mlinzi haisomwi kama tezi nyingine. Ikatwe vipande kila mikromita 150 hivi, na visivyoonyesha kitu vipakwe rangi ya saitokeratini, protini inayozifichua seli za saratani hii. Tunatafuta kundi la seli la kati ya milimita 0.2 na 2, na hata dogo zaidi. Tezi ikikatwa mara moja katikati na kusomwa mara moja, kazi yote ya hatua saba zilizotangulia umeimwaga. Mwambie hivyo mapema, siku unayopanga kisa. Kipande kilichogandishwa mezani hukosa vijikundi vidogo, kwa hiyo jibu la usalama ni la siku chache baadaye. Tezi ikiwa na saratani, mgonjwa anarudi kusafishwa shingo, na arudi upesi, kabla makovu hayajakomaa.

Yule ambaye tezi zake zote ni safi asiachiwe. Atapimwa shingo kwa mkono na kwa ultrasaundi kila baada ya miezi michache, hasa miaka miwili ya mwanzo. Mpe tarehe ya kwanza kabla hajatoka wodini.

Pamba, glavu na chombo cha mate vifungwe, viandikwe saa, viwekwe kwenye chumba cha kupooza, yaani cha kusubiri mionzi ipungue. Nusu-uhai kumi ni saa 60. Pima, ikiwa sawa na hewa ya chumba, toa kibandiko cha mionzi, tupa kama taka nyingine za hospitali.